Kusoma Nje ya Nchi: Darasani Kukoje?

  Leo tuongee habari ya kusoma nje.

Ukikaa Tunduma huwezi kukwepa habari za nje. Malori yamepanga foleni kuelekea Zambia na Kongo, na ukivuka geti tu uko Nakonde, ambako saa yako inabidi uirudishe nyuma kwa saa moja. Kwa barabara, Lusaka na Dar es Salaam hazipishani sana kwa umbali. Kwa hiyo si ajabu kwamba vijana wengi wa mkoa wa Songwe wanaota kusoma nje. Wengine wanataka Lusaka au Kitwe, wengine Kampala, wengine India, China, Urusi, Uingereza au Marekani.

Vijana wakiongelea safari hiyo, maswali huwa ni yale yale. Nauli ni kiasi gani? Viza inapatikanaje? Nani anatoa ufadhili? Je, baridi ya huko inazidi ya kwetu ya mwezi wa sita? Maswali mazuri. Lakini kuna swali moja ambalo karibu halisikiki: siku ya kwanza nikikaa darasani, itakuwaje?

Unaweza kuuliza, gazeti la afya linaingiaje hapo? Linaingia hivi: mwanafunzi anayekaa darasani miezi mitatu haelewi, na hamwambii mtu, haishii kufeli mtihani tu. Anakosa usingizi. Anakosa hamu ya kula. Anajifungia chumbani. Simu ya nyumbani ikiita anasema "niko salama" huku machozi yanamtoka. Lililoanza kama tatizo la somo limegeuka kuwa tatizo la afya. Na mara nyingi lingeweza kuzuiwa mapema, kabla hata ya kupanda basi.

UMESHAVUKA MPAKA MARA MOJA

Kumbuka wiki zako za kwanza Kidato cha Kwanza. Kama ulisoma shule ya msingi ya serikali, miaka saba ulifundishwa hesabu na sayansi kwa Kiswahili. Ghafla, kuanzia Januari, karibu kila somo likawa ni kimombo kitupu. Mwalimu wa baiolojia akaeleza jinsi majani yanavyotengeneza chakula kwa mwanga wa jua. Jambo lenyewe ulikuwa unalijua toka darasa la tano au la sita. Lakini kwa lugha ile mpya, lilisikika kama jambo la sayari nyingine. Mwalimu akauliza kama mmeelewa, mkaitikia kwa pamoja kwamba mmeelewa. Ukafunga daftari hukuelewa.

Je, ulikuwa umekuwa mjinga ghafla? Hapana. Kilichobadilika ni lugha, si kichwa chako.

Sasa shika neno hili, ndugu msomaji, maana ndilo tunalotaka ubaki nalo leo: darasa la ugenini ni kama Kidato cha Kwanza kilichorudi mara ya pili. Ukimya wako kule hautakuwa na maana kwamba huna akili. Ila ukiuacha ukimya huo ukae, utakuumiza. Dawa yake ni kusema mapema, na kusema ni mazoezi yanayoanzia kwenye dawati lako la hapa hapa.

MBONA NAJUA KUONGEA LAKINI LEKCHA SIELEWI?

Hili huwashangaza wengi. Chukua mfano wa mtu wa Tunduma anayefanya biashara Nakonde. Anapatana bei bila wasiwasi. Kinyamwanga kinazungumzwa pande zote mbili za mpaka, Kibemba kidogo anakifahamu, ung'eng'e wa kuombea maji anao. Mpeleke mtu huyo huyo kwenye ukumbi wa chuo, mbele ya profesa anayeongea dakika hamsini juu ya sheria au kemia. Atatoka kichwa kinamuuma.

Mtaalamu wa elimu wa Kanada, Jim Cummins, alianza kulieleza jambo hili mwaka 1979. Alisema kuna lugha ya maongezi na kuna lugha ya masomo, na hazikui kwa kasi moja. Kwa watoto wa wahamiaji huko Kanada, lugha ya maongezi ilichukua kama miaka 2 kuizoea. Kufikia wenzao katika lugha ya darasani kulichukua miaka 5 hadi 7.

Kwa nini tofauti kubwa hivyo? Sokoni una msaada. Unaona nyanya, unaona mkono wa muuzaji, unaona sura yake ikikunjamana. Usipoelewa, anarudia. Kwenye mhadhara msaada huo haupo. Maneno ni mapya, mwendo ni wa kasi, na utani wanaoucheka wenzako umetoka kwenye vipindi vya televisheni ambavyo hukuwahi kuviona. Ubongo wako unafanya kazi mbili kwa wakati mmoja: kutambua maneno, halafu kutafuta maana. Wakati bado unahangaika na sentensi ya kwanza, mwalimu yuko sentensi ya nne.

Ndiyo maana mwanafunzi mgeni huchoka kupita wenzake. Akirudi chumbani saa tisa alasiri analala kama aliyebeba magunia. Huo si uvivu, wala si kulogwa. Ni uchovu wa kawaida, na hupungua kadiri lugha inavyoingia.

Kama umesafiri mbali kuna jambo lingine pia. China iko mbele yetu kwa saa 5. Darasa linapoanza huko saa mbili asubuhi, mwili wako uliotoka Songwe bado unahesabu saa tisa usiku! Mwili huhitaji siku kadhaa kuzoea. Jipe siku hizo: lala usiku wa huko, toka nje upate mwanga wa asubuhi, usilale mchana kutwa.

WALIOTUTANGULIA

Usidhani wewe ndiye wa kwanza. Kabla ya mwaka 1961 Tanganyika haikuwa na chuo kikuu hata kimoja. Aliyetaka shahada ilimbidi aondoke. Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam kilipofunguliwa Oktoba mwaka huo, kilianza na kitivo kimoja tu, cha sheria.

Mwalimu Julius Nyerere mwenyewe alisoma nje mara mbili. Mwaka 1943 alikwenda Makerere, Uganda, kusomea ualimu. Mwaka 1949 akaenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, Scotland, akapata shahada ya M.A. mwaka 1952. Ebu fikiria: kijana wa Butiama, kwenye mji wa mawe na ukungu, anasoma historia, uchumi na falsafa kwa lugha ya wenyewe. Akiwa Makerere, yeye na wenzake akina Andrew Tibandebage na Hamza Mwapachu walianzisha chama cha wanafunzi wa Tanganyika. Hata watu wa aina hiyo walihitaji wenzao wa kukaa nao.

Mfano wa pili uko karibu zaidi na wewe. Reli ya TAZARA inayopita hapo Tunduma ilianza kujengwa mwaka 1970 na kukamilika mwaka 1975. Ni kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Lakini reli ikishajengwa, nani ataiendesha? Mwaka 1972 vijana wapatao 200 wa Tanzania na Zambia walipelekwa Beijing, kwenye chuo kilichoitwa wakati ule Chuo Kikuu cha Jiaotong cha Kaskazini, kusomea mambo ya reli. Kabla ya yote walitakiwa kujifunza Kichina.

Kichina si mchezo. Sauti ya neno ikipanda au kushuka, maana inabadilika. Silabi "ma" inaweza kuwa mama, katani, farasi au kukaripia, kutegemea umeitamka kwa sauti gani kati ya nne. Hebu jiweke mahali pao: umetoka nyumbani ukijua Kiswahili, Kiingereza cha shule na lugha ya kwenu, na sasa huwezi hata kuomba chumvi. Hata hivyo wengi wao walirudi na kufanya kazi kwenye reli.

Mpaka leo mwanafunzi anayekwenda kusoma kwa Kichina kwa kawaida hutumia mwaka mzima wa kwanza kujifunza lugha. Urusi vilevile, wanafunzi wengi wa kigeni hupitia mwaka wa maandalizi kabla ya kuingia kwenye fani yao. Nchi hizo zinakubali wazi kwamba lugha inataka muda. Kwa hiyo na wewe usijidai, jipe muda.

KILA DARASA LINA DESTURI ZAKE

Lugha ni nusu tu ya habari. Nusu nyingine ni adabu, na adabu za darasani hazifanani duniani.

Macho. Kwetu, kijana akisemeshwa na mkubwa anainamisha macho. Ni heshima. Uingereza au Marekani, mwalimu akikuona unatazama chini anaweza kufikiri husikilizi au unaficha kitu. Mtazame. Hujamkosea.

Jina. Umezoea kusimama mwalimu anapoingia na kumwamkia. Katika vyuo vingi vya Ulaya na Marekani hakuna anayesimama, na wapo maprofesa wanaotaka waitwe kwa jina lao la kwanza. Kama ulimi unakataa, mwite "Profesa" mpaka akuambie vingine. Hakuna atakayekulaumu kwa heshima.

Kuuliza na kubisha. Hapa ndipo penye kasheshe. Katika nchi hizo kuna vipindi vidogo vinavyoitwa semina. Mnakaa labda kumi au kumi na watano, na mwalimu hafundishi sana, anauliza. Mnatakiwa mseme mnavyofikiri, hata kumpinga, mradi mna sababu. Katika vyuo vingi vya Marekani kuna alama za kuchangia darasani. Mwanafunzi wetu anakaa kimya kwa adabu, mwalimu anadhani hakusoma, alama zinapotea. Elewa hivi: wanaobishaniwa ni mawazo, si watu. Ukisema "sikubaliani na hoja hii kwa sababu moja, mbili," hujamtukana mtu.

Kunakili. Soma hapa taratibu, maana kuna waliorudishwa nyumbani kwa jambo hili. Kwetu mwalimu anaandika notsi ubaoni, tunakopi neno kwa neno, tukizirudisha kwenye mtihani kama zilivyo tunasifiwa. Kudesa ni mambo ya kila siku. Katika vyuo vingi vya nje, ukichukua sentensi za mtu na kuziweka kwenye kazi yako bila kumtaja, huo ni wizi. Wana programu za kompyuta kama Turnitin zinazolinganisha kazi yako na maandishi mengine chungu nzima na kuonyesha yanayofanana. Unaweza kupewa sifuri, ukarudia somo, au ukafukuzwa. Kanuni ni rahisi: soma, funga kitabu, andika kwa maneno yako, halafu taja uliyemsoma.

Saa. Ratiba ikisema darasa ni saa 8, maana yake ni saa yetu mbili asubuhi, si saa nane mchana. Inachekesha, lakini mtu amekosa mtihani hivi hivi. Na kama uko Zambia, kumbuka ile saa moja ya Nakonde.

Lakini usiseme "nje" kana kwamba ni nchi moja. China na India utakuta madarasa mengi makubwa yanayofanana na ya kwetu: mwalimu anaeleza, nyie mnaandika. Huko shida ni nyingine. Vyuo vingi vya India vinataka uhudhurie angalau asilimia 75 ya vipindi, la sivyo huruhusiwi kukaa kwenye pepa. Mwanafunzi aliyekata tamaa akaanza kutega vipindi anajikuta nje ya chumba cha mtihani. Na Zambia, ingawa ni jirani zetu, usitegemee Kiswahili chuoni. Darasani ni Kiingereza, nje ya darasa la Lusaka utasikia Kinyanja, na Kitwe Kibemba.

MWILI NA AKILI VINAPOLALAMIKA

Mwanaanthropolojia Kalervo Oberg alieleza katika miaka ya 1950 hali inayowapata watu wanaohamia nchi ngeni. Aliigawa katika hatua. Kwanza kuna siku za fungate: kila kitu kizuri, unapiga picha kila jengo. Halafu inakuja hatua ya pili, ambapo kila kitu kinakuudhi au kukutisha. Chakula hakina ladha, watu hawakusalimii, darasani huelewi. Baadaye unaanza kupata nafuu, mwishoni unazoea.

Si kila mtu anapita kwa mpangilio huo huo. Lakini ni vizuri kujua kwamba hatua ile ya pili ipo, na kwamba kwa wengi inapita. Mara nyingi huja fungate likishaisha, majaribio ya kwanza yanaporudishwa na alama zake. Kama uko Ulaya ya Kaskazini huenda ikakutana na majira ya baridi, ambapo jua linazama saa kumi jioni au mapema zaidi. Giza hilo peke yake linaweza kushusha moyo wa mtu aliyezoea jua la Momba.

Kuna tofauti kati ya upweke wa kawaida na ugonjwa wa sonona. Angalia dalili hizi:

- Huzuni au moyo mzito karibu kila siku, kwa wiki mbili au zaidi.
- Mambo uliyoyapenda, kama mpira, muziki au ibada, hayakuvutii tena.
- Usingizi umepotea, au unalala mno.
- Huli, au unakula kupita kiasi.
- Huwezi kutuliza mawazo hata kwa ukurasa mmoja.
- Unajiona huna thamani, au mzigo kwa watu.
- Unafikiria kufa au kujidhuru.

Ukiona kadhaa kati ya hizi zimekaa wiki mbili, nenda hospitali au kwa mshauri nasaha wa chuo. Vyuo vingi vina mtu huyo, na mara nyingi huduma ni bure kwa wanafunzi. Sonona inatibika, kwa mazungumzo, kwa dawa, au kwa vyote viwili. Na kama ni hiyo dalili ya mwisho, usisubiri wiki mbili. Usikae peke yako usiku huo. Mwamshe mwenzako wa chumba, piga simu ya dharura ya nchi hiyo, mwambie mtu yeyote.

Pombe haisaidii. Inakulaza saa mbili, inakuamsha usiku wa manane ukiwa na mawazo zaidi.

MZIGO WA NYUMBANI

Hapa tuseme ukweli. Kinachowafunga vijana wetu midomo ugenini si aibu ya darasani tu. Ni mzigo wa nyumbani. Baba ameuza ng'ombe. Mjomba ametoa fedha za mavuno ya kahawa kule Mbozi. Shangazi ameuza mahindi. Kanisani au msikitini wamekuombea kwa jina. Sasa utasemaje kwamba umepata 30 kwa 100?

Basi kijana anadanganya. Muhula wa kwanza anasema matokeo hayajatoka. Wa pili anasema yako poa. Wa tatu amekwisha kudisko, amesimamishwa masomo, anazurura mjini na haongei na ndugu. Kila uongo unafanya unaofuata uwe mgumu zaidi kuuvunja.

Mdogo wangu, sema muhula wa kwanza. Habari mbaya ndogo ni rahisi kubeba kuliko kubwa. Huna haja ya maneno mengi. Unaweza kusema: "Shikamoo baba. Masomo ya huku ni magumu kuliko nilivyodhani, na majaribio ya kwanza sikufanya vizuri. Nimeshamwona mwalimu na nimepata wenzangu wa kusoma nao. Naomba mniombee, na naomba msikate tamaa." Mzazi atashtuka, ndiyo. Lakini atakuwa ameambiwa tatizo pamoja na hatua unayochukua. Kama baba ni mkali, anza na mama, au shangazi, au yule mjomba anayejua kuongea naye.

Na ninyi wazazi mnaosoma gazeti hili kwa kuazima: mtoto akipiga simu, msianze na "umepata ngapi?" Anzeni na "unalala? unakula? una rafiki?"

MANENO YA MITAANI

Mtaani wanasema: Ukienda nje lugha inakuja yenyewe.
Ukweli: Ya sokoni inakuja. Ya darasani inatafutwa.

Mtaani wanasema: Anayeuliza maswali anaonyesha ujinga wake.
Ukweli: Ukiuliza, mara nyingi kuna wengine waliotaka kuuliza hilo hilo, wakiwemo wenyeji.

Mtaani wanasema: Usikae na Watanzania wenzako, hutajua lugha.
Ukweli: Unahitaji wote. Wa nyumbani kwa ajili ya moyo, wenyeji kwa ajili ya lugha. Nyerere na wenzake walikuwa na chama chao Makerere na bado walisoma.

Mtaani wanasema: Anayekwenda kwa mshauri nasaha ni kichaa.
Ukweli: Anayekwenda mapema ndiye anayemaliza masomo.

ANZIA KWENYE DAWATI LAKO

Huenda utasema, "Mimi niko Kidato cha Pili, Uingereza iko mbali." Sawa. Lakini mambo haya hayasubiri pasipoti, na hata ukiishia Mbeya au Dodoma yatakufaa vilevile. Yafanye kuanzia wiki hii:

1. Uliza swali moja darasani kila wiki. Moja tu. Likiwa gumu kusema, liandike kwanza kwenye daftari, halafu lisome kwa sauti. Kiingereza kikivunjika, kivunjike. Watakaocheka watachoka.

2. Jifunze kwa moyo sentensi tatu za kujiokoa katika lugha utakayosomea: "Naomba urudie," "Neno hilo lina maana gani?" na "Nimekuelewa hivi, je, ni sawa?" Hii ya tatu ndiyo bora kuliko zote, maana inamwonyesha mwalimu mahali hasa ulipopotea.

3. Kuwa na kidaftari cha maneno. Kila siku maneno matano ya masomo yako. Andika maana kwa Kiswahili, na kwa lugha ya kwenu kama inasaidia, iwe Kinyiha, Kinyamwanga au Kindali. Kuelewa kwa lugha yako si dhambi. Ni ngazi.

4. Acha kudesa. Mara moja kwa wiki soma ukurasa mmoja, funga kitabu, andika ulichoelewa kwa maneno yako.

5. Fanyeni mdahalo. Mpinge rafiki yako kwa hoja mbili, halafu mrudi kuwa marafiki. Ndiyo semina yenyewe hiyo.

6. Zoea kumfuata mwalimu ofisini. Vyuo vingi vya nje vina saa maalumu ambazo mhadhiri anakaa kuwasubiri wanafunzi. Wengi wetu hawaendi kwa sababu kwetu kuitwa ofisini ni fimbo au barua ya mzazi. Huko ni haki yako.

Na ukishafika huko ugenini, wiki mbili za kwanza fanya mambo matatu: kaa mbele, siyo nyuma, jua ofisi ya mshauri nasaha na kituo cha afya viko wapi kabla hujaumwa, na tafuta mwenzako mmoja wa darasani wa kulinganisha naye notsi. Mmoja anatosha kuanzia.

JADILINI KWENYE KLABU

- Darasani kwenu, mwanafunzi akikosea Kiingereza kinatokea nini? Nani anaweza kubadilisha hilo: mwalimu, au ninyi wenyewe?
- Mara ya mwisho uliposema umeelewa wakati hujaelewa, ulikuwa unaogopa nini?
- Kama kaka au dada yako yuko chuoni mbali, ni nani anayempigia simu, na anamuuliza nini?

Na kama moyo wako ni mzito sasa hivi, hapa hapa nyumbani, huna haja ya kusubiri mpaka usafiri. Ongea na mwalimu wa malezi au mtu mzima unayemwamini. Simu ya huduma kwa mtoto hapa Tanzania ni 116, na kupiga ni bure.

Kesho ukienda shule, anza na namba moja ya orodha ile. Nyoosha mkono, uliza.